Chumba cha Mwisho Ubaoni

Hakupaza sauti hata siku moja, na hilo peke yake lilitosha kumfanya mtu wa ajabu. Kariakoo ya miaka ile ya ruksa, serikali ilipofungulia watu biashara, kila kitu kilikuwa na mdomo. Muuza ndoo anapiga kelele, muuza redio kafungulia redio zote kwa pamoja, sabuni na dawa za meno tulizokuwa tumezisahau zimemwagwa barabarani, na hata kuku ndani ya matenga ungedhani wanajinadi. Yeye alisimama kwenye baraza ya duka la vitambaa, amewapa mgongo wapita njia, amevaa koti zito la sufu katika joto la Januari, anaandika kwa chaki kwenye ubao mweusi. Herufi zake zilikuwa ndogo mno. Ukitaka kuzisoma, ilikubidi usogee.

Mimi nilikuwa na cherehani yangu barazani hapo hapo, kwa hiyo sisimulii ya kuambiwa. Tulimwita Mwenye Ubao. Jina la kwao sikumuuliza, na kwao penyewe alisema ni mbali, basi. Niseme mapema kwamba mimi si mpenzi wa hadithi. Mpenzi wangu ni mteja anayekuja kuchukua nguo yake siku aliyoahidi. Watu walipoanza kunisukumia meza ili wasome ubao, nilinuna, na mimi nikiamua kununa naijua kazi hiyo. Lakini Bhai mwenye duka, Mhindi wa Upanga aliyekuwa akifika kila asubuhi na chupa ya chai na magazeti ya kwao, alinikataza nisilalamike. Alikuwa ameona kitu. Waliokuja kusoma ubao waliishia kushika vitambaa.

"Fundi," alinambia, "mimi napiga kelele siku nzima, mteja anakuja mara moja. Huyu mzee hasemi kitu, mtu anakuja leo, anakuja kesho, anakuja mtondogoo. Dawa gani hii?"

Nilidhani Bhai anatania, nikacheka. Yeye hakucheka.

Dawa yenyewe niliiona polepole, kwa kukaa naye. Mgeni akisimama mbele ya ubao kwa mara ya kwanza, Mwenye Ubao hakugeuka. Hakusema karibu mteja wala pita ndani. Aliacha sentensi katikati, akaanza kufuta chaki mikononi kana kwamba yuko peke yake duniani. Mgeni anabaki ananing'inia kwenye sentensi ile. Wakati huo mzee amekwisha kumtazama, ila hakumtazama usoni. Alitazama miguu, kwa pembe ya jicho, kupitia chini ya kwapa lake.

"Mgeni wa kwanza ni paka wa jirani," alinieleza siku moja nilipombana. "Ukimwita anakimbia. Ukijifanya humwoni, anakuja mwenyewe kujisugua mguuni kwako."

"Na usoni humtazami kwa nini?"

"Uso ukiutazama nao unakutazama. Mtu akishajua anatazamwa, haji tena. Miguu haina habari."

Hiyo ilikuwa sheria yake na hakuivunja. Nadhani katika wasomaji wake wote hakuna aliyeweza kusema mzee yule amepata kumkazia macho. Hata mimi niliyeshinda naye alinijua kwa kandambili zangu, na siku nilipobadilisha aliniamkia kama mgeni.

Sasa hadithi yenyewe. Ilikuwa moja tu, haikuwa na mwisho, na kila magharibi aliifuta yote kwa kitambaa kibichi. Aliyekosa siku alikuwa amekosa. Ilihusu nyumba ya Kiswahili kama tunazozijua wote, ukumbi katikati, vyumba kulia na kushoto, uani nyuma. Nyumba ya kweli huwa na vyumba sita, ikizidi sana vinane. Ile ya ubaoni ilikuwa inaongezeka. Kila aliyesimama kusoma kwa mara ya kwanza, akirudi kesho yake alikuta amepangishwa chumba.

Nakumbuka mchukuzi mmoja wa mkokoteni, jitu la miraba minne, alivyosimama kusoma huku jasho linamtiririka. Kesho yake alipita, nadhani kwa bahati tu. Ubaoni palikuwa pameandikwa: "Ameingia mpangaji mpya. Viatu vya kahawia, cha kushoto kimefungwa kwa kamba nyeusi. Ameweka mzigo chini lakini hajaufungua. Anasikiliza. Chumba cha pili yake kuna mtu anafagia, na chumba hicho hakina mtu."

Mchukuzi akatazama viatu vyake. Akatazama ubao. Akawatazama na wenzake.

"Oya, huyu si mimi huyu?"

"Kama ni wewe, basi nani anafagia?" mtu akamuuliza.

Watu walicheka, yeye hakucheka. Tangu siku hiyo akawa anaegesha mkokoteni pale kila asubuhi kabla hajabeba kitu, ajue huko chumbani kwake kumepambazukaje. Alikuwa anasoma kwa kidole, herufi moja moja, midomo inacheza. Nilikuja kuelewa kwamba wote walikuwa hivyo. Hawakuja kusoma hadithi. Kila mmoja alikuwa anakuja kujiangalia, kama mtu aliyesikia jina lake likitajwa nyuma ya ukuta.

Nami aliniandika. Yaani mimi, mnunaji! "Chumba cha nne kuna mwanamke anashona nguo ya mtu ambaye hajampima. Kila akimaliza, mkono mmoja umezidi. Anaukata. Asubuhi anaukuta umerefuka tena." Nilisoma nikasisimka mwili mzima, maana usiku wa jana yake nilikuwa nimekosea mkono wa gauni la harusi na nilikuwa sijamwambia mtu.

"Mzee, mbona unaniandika?"

"Nimekuandika wapi? Kariakoo mafundi wamejaa."

"Na huo mkono?"

"Fundi gani hajawahi kukosea mkono?" akasema, akaendelea kufuta chaki.

Alikuwa na haki, ndivyo mafundi tulivyo. Hata hivyo sikulala vizuri, na alfajiri nilikuwa wa kwanza mbele ya ubao, nikimsubiri afike. Mimi! Nikajua nimenaswa kama wengine.

Mstari wa mwisho wa ubao haukubadilika mwaka hadi mwaka. Uliandikwa: "Chumba cha mwisho, karibu na uani, kimefagiwa. Taa imejazwa mafuta. Hakijapangishwa." Walikuja wapangaji wa kila namna, nyumba ikatanuka mpaka ukumbi wake ulikuwa mrefu kuliko Mtaa wa Kongo, na chumba kile hakupewa mtu. Watu walibishana. Wengine walisema ni cha mwenye nyumba, ambaye katika hadithi haonekani, husikika tu akivuta kandambili. Mangi wa duka la jumla, Mchaga wa Rombo aliyekuwa akisoma kwa jicho moja huku lingine liko kwenye magunia yake, aliapa kwamba chumba hicho ni cha mauti. "Mimi hata nikipewa bure sikitaki," alisema. Lakini hakukosa kuja kuangalia kama kimepata mtu.

Nilipomuuliza Mwenye Ubao, alijibu maneno mawili tu. "Yuko njiani."

Haya mambo ya njiani, nisiwafiche, yalinitia hofu. Hofu iliongezeka tulipopatwa na msiba wa mchukuzi. Asubuhi moja ubao uliandikwa: "Chumba cha viatu vya kahawia leo kimya. Mzigo bado haujafunguliwa." Tulisoma, tukaendelea na kazi. Alasiri ikaja habari kwamba mchukuzi ameangukiwa na shehena ya mbao huko mtaa wa Gerezani, amefariki papo hapo. Wasomaji walirudi mbio mbele ya ubao wakasimama wakiutazama, na Mangi akafunga duka mapema.

"Ulijuaje?" nilimuuliza, na sauti yangu ilikuwa kali.

"Sikujua kitu. Niliona hakuja." Kisha akaongeza kwa huzuni, "Msomaji wa kila siku asipokuja, kuna jambo."

Huenda ilikuwa hivyo. Lakini mahali alipokuwa akisimama mchukuzi, kushoto karibu na nguzo, hakuna aliyesimama tena. Hakuna aliyekataza. Hata mgeni ambaye hajui kitu, katika msongamano wote ule, alijikuta anaacha nafasi ya mtu mmoja. Niliona kwa macho yangu, na nilizoea kupitisha cherehani kwa mbali nisipaguse.

Alikuwa na vituko vya kuchekesha pia, isionekane tulikuwa tunaishi na jini. Siku moja askari mgambo waliingia kufukuza wafanyabiashara wa barazani. Mmoja alishika ubao aung'oe, macho yakamwangukia kwenye maandishi, akasoma, akasita, akasema, "Huu nitauchukua kesho." Kesho yake ubaoni: "Kuna mpangaji ameingia na buti. Hakupiga hodi. Usiku kucha mlango wake unafunguka wenyewe." Mgambo yule alirudi, lakini alikuja amevaa shati la nyumbani na ndara, amekaa nyuma ya watu kama mwanafunzi mchelewaji. Alikuja mpaka mlango wake ukaacha kufunguka, na baada ya hapo akaendelea kuja kwa mazoea.

Alikuja pia mwandishi wa gazeti. Wakati huo magazeti ya watu binafsi yalikuwa yanaota kila kukicha, na kila moja linatafuta hadithi ya kutisha ya ukurasa wa ndani. Kijana mtanashati, tai shingoni, alimwamkia kwa adabu, shikamoo, marahaba, akamwambia watamlipa vizuri, nchi nzima itamsoma.

"Nchi nzima itasimama wapi?" Mwenye Ubao akauliza.

"Haisimami, mzee. Watasoma majumbani."

"Basi sitaona miguu yao."

Kijana aliondoka anatikisa kichwa. Bhai alisikitika kuliko wote, maana aliona bahati inapita na kwenda. Nami nilimwambia mzee kwamba amefanya upumbavu. Hakukasirika. Alikuwa mtu wa kuwafundisha watu subira kutwa, na yeye mwenyewe subira hakuwa nayo hata chembe. Chai ikichelewa analaumu, mvua ikichelewa analaumu, na ikinyesha pia analaumu kwa sababu inafuta ubao. Kumbe subira yake yote alikuwa ameiweka mahali pamoja.

Tabia iliyonikera kuliko zote ni ile ya hodi. Mtu akipiga hodi popote mtaani, iwe kwa Mangi, iwe uani kwetu, yeye alikuwa wa kwanza kuitikia. "Karibu!" kwa sauti kubwa, sauti ambayo hakuitumia kwa jambo jingine. Watoto wa mtaa wakawa wanampigia hodi kwa utani. Wote aliwaitikia. Zaidi ya hapo, nyakati za alasiri, mtaa umepoa kidogo, aliweza kuinua kichwa chaki ikiwa mkononi akaitikia "Karibu" kuelekea penye watu ambao hakuna aliyefungua mdomo.

"Nani kapiga hodi, Mzee?"

"Nimesikia."

"Hakuna mtu."

"Basi nimesikia iliyochelewa," alisema, akarudi kwenye ubao.

Mnielewe, niliona mzee anazeeka masikio. Lakini kuna jambo lilinifanya nisimcheke sana. Adhuhuri alikuwa anakwenda msikitini, na saa hiyo ubao ulibaki peke yake. Ndipo walipokuja wasomaji ninaowaita wa adhuhuri, watu wenye haya, wasiotaka kuonekana. Mke wa mtu aliyekatazwa kuzurura, karani aliyetoroka ofisini, mwanamke mmoja mwenye kikapu ambaye alisoma kuanzia mwisho, anatazama mstari wa chini kwanza ndipo anapanda juu. Hao hawakupata vyumba kwa sababu mzee hakuona miguu yao. Walisoma, wakaondoka kabla hajarudi. Na mara nyingi, saa hiyo ya adhuhuri, nikiwa nimeinamia sindano, nilisikia hodi. Sauti ya chini, ya kike, mara tatu, ikipumzika baada ya kila moja. Nikiinua kichwa naona migongo ya watu wanaosoma. Nilijiambia inatoka uani. Nikageuza cherehani nikae nikitazama upande wa pili.

Sasa koti. Nimelichelewesha kwa sababu nalo alilichelewesha yeye. Hakuna aliyechukia nguo za mitumba kama Mwenye Ubao. Aliziita kwa jina lake la zamani, kafa ulaya, na alipolitamka ungesema anatema mbegu chungu. "Nguo ya maiti," alisema. "Mzungu kafa, wewe unalala ndani yake." Na huku amevaa koti la kafa ulaya, la kijivu, la baridi ya huko Ulaya, mwezi wa kwanza na wa pili, Dar es Salaam! Wasomaji walimtania hadi wakachoka. Bitana yake ilipochanika nilijitolea kumshonea, naye akalivua kwa shingo upande. Akasimama karibu nami wakati wote kama mtu aliyemwacha mtoto kwa daktari. Nilipoona kifungo cha juu kinaning'inia kwa uzi mwekundu, nikatafuta mweusi nikibadilishe. Alinishika mkono.

"Hicho usikiguse."

"Uzi mwekundu kwenye koti la kijivu, Mzee? Watu watasema nimeshona mimi."

"Waache waseme."

Ndipo aliponisimulia, amesimama vile vile, macho kwenye kandambili zangu. Alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha nguo cha umma, na jioni akifundisha wenzake kusoma, ndiyo maana alijua ubao. Alikuwa na binti mmoja, mama yake alikwisha kufa. Ruksa ilipokuja, binti akaacha kazi ya ukarani akaingia biashara ya mitumba. Kiwanda kilikuwa kinayumba, vitambaa vinalala ghalani kwa sababu watu wanavaa kafa ulaya, na mtoto wake wa kumzaa ndiye anaziuza. Akamwambia asikanyage kwake. Baada ya muda binti akaja. Alisimama mlangoni akapiga hodi.

"Nilikuwa ndani," alisema. "Nimekaa kitandani. Nikamsikia. Sikuitikia."

Nilijua kinachofuata kabla hajakisema, kwa sababu sote tumelelewa hivyo. Hodi ni tatu. Ya tatu isipojibiwa, unaondoka, na mwenye adabu harudi kusumbua. Binti yake alikuwa mwenye adabu. Alipiga ya pili, akapiga ya tatu, akaondoka. Mzee alipofungua mlango alikuta koti kizingitini, limekunjwa.

"Kiwanda kikafa," aliendelea. "Tukapunguzwa, tukatolewa kwenye nyumba za kiwanda. Nimehamia Ilala. Akirudi kule atagonga mlango wa nani? Utotoni huyu hakuweza kupita penye watu wamekusanyika asichungulie. Ningemwacha sokoni dakika moja, nikigeuka yuko katikati ya kundi. Basi nikasema nitakusanya watu."

Wote wale, mchukuzi na Mangi na mgambo na mimi mnunaji, miaka yote tunakuja kila kukicha kujitafuta ubaoni, tulikuwa kundi tu. Tumekusanywa ili mtu mmoja achungulie. Nilitaka kukasirika, nikashindwa, machozi yakanitoka juu ya bitana.

"Si umtafute, Mzee? Mitumba yote iko Mchikichini, na Mchikichini si Ulaya."

"Mwenye mlango hatoki kumfuata mgeni aliyemnyima jibu. Atamwambia nini njiani? Huacha mlango wazi, akakaa ndani, akaitikia."

Huo ulikuwa ujinga wa kiume, na nilimwambia. Hakubadilika. Kesho yake ubao ulikuwa kama kawaida, chumba cha mwisho kimefagiwa, taa imejazwa mafuta.

Alikuja kuugua mwaka ambao simu za mkononi zilianza kuonekana mikononi mwa wenye nazo, na majengo ya vioo yakaanza kumeza nyumba za zamani za mtaani kwetu. Siku moja hakuja. Akamtuma jirani yake aje kuuchukua ubao, alitaka uwe karibu naye. Ukutani pakabaki alama ya mstatili, rangi yake haijapauka kama kwingine.

Wasomaji waliendelea kuja. Hilo sitalisahau. Walikuja saa zao zile zile, wakasimama mbele ya alama ile, wakaacha na nafasi ya mchukuzi karibu na nguzo. Hawakuulizana kitu. Midomo ya wengine ilikuwa inacheza.

"Wanasoma nini?" Mangi aliniuliza kwa sauti ya chini, naye mwenyewe amesimama nao.

Bhai alitoka nje, akawatazama, akarudi ndani bila kunywa chai yake.

Adhuhuri moja wote wamekwenda zao, nikasikia hodi. Sasa hakukuwa na migongo ya watu ya kujifichia. Nikainua kichwa na kumwona mwanamke mwenye kikapu, amesimama mbele ya ukuta mtupu. Ni yeye aliyeipiga. Akapiga ya pili, kwa ukuta, kwa heshima, kama unavyopiga mlangoni kwa wakwe. Akapiga ya tatu. Akasubiri. Kisha akageuka kwangu.

"Dada, za kazi? Ubao umeenda wapi?"

"Mwenyewe mgonjwa."

Alikaa kwenye ukingo wa baraza bila kukaribishwa. Alikuwa mtu mzima, mvi zinachungulia kwenye ukaya aliojifunga kichwani.

"Nimekuja hapa miaka," alisema. "Kila mtu aliyesoma aliandikwa. Hata mgambo kaandikwa. Nilikuwa naanza na mstari wa chini, nione kama chumba kile kimepata mtu, halafu natafuta vingine vyote. Mimi simo. Nikasema, koti amelipokea, ila mimi hajanipokea."

Nikaacha kushona. "Koti gani?"

"La kijivu. Nilimwona kwa mbali amelivaa. Kifungo cha juu nilikishona mwenyewe, sikuwa na uzi mweusi."

Mungu wangu! Nilitamani kumpiga na kumkumbatia. "Mbona ulikuja saa ambayo hayupo?"

"Niliogopa macho yake."

"Macho? Huyo hatazami mtu usoni! Anatazama miguu! Angeiona miguu yako siku moja tu..." Nikashindwa kumaliza. Ujanja wake wa kuwanasa wageni ndio uliomkosesha mgeni aliyemtaka. Na chumba cha mwisho hakuthubutu kuandika ni cha nani. Nilimwambia yote palepale, maneno yakinitoka ovyo, naye akawa anatikisa kichwa polepole, analia bila sauti.

Nilimwachia Bhai cherehani nikamchukua. Tulikwenda kwa miguu mpaka Ilala. Nyumba aliyopanga mzee niliijua kwa kuelekezwa na jirani yake, ndani sikuwa nimewahi kuingia. Ilikuwa nyumba ya Kiswahili, ukumbi katikati, vyumba kulia na kushoto. Mtu alikuwa anafagia mahali fulani, sikumwona. Tukaonyeshwa kwa kidole: chumba cha mwisho, karibu na uani. Mlango wake ulikuwa wazi, pazia limeshushwa.

Nilisimama nyuma yake.

"Hodi," alisema.

Pazia halikutikisika.

"Hodi."

Alinigeukia. Macho yake yalisema alichotaka kusema: nikikosa ya tatu, naondoka. Nilitaka kuitikia mimi, nikajizuia. Mgeni haitikii hodi kwa niaba ya mwenyeji.

"Hodi."

"Karibu!"

Ilikuwa sauti yake, ile kubwa, niliyoisikia barazani miaka yote. Ningeitambua hata katikati ya sokoni. Binti alinishika mkono, akasukuma pazia, tukaingia.

Mama mwenye nyumba alikuwa ameketi kwenye kigoda kando ya kitanda, analowesha midomo ya mgonjwa kwa kitambaa. Aliruka tulipoingia.

"Nani kawaambia mpite? Mgonjwa yuko katika hali hii!"

"Si mzee kaitikia," nilisema. "Katukaribisha mwenyewe."

Alitutazama mmoja mmoja. "Mzee amekata kauli, hasemi neno tangu juzi," alisema. "Mie niko hapa tangu asubuhi. Sijasikia hodi, wala sijasikia karibu."

Sijui cha kusema juu ya hilo, na nimekwisha kuacha kutafuta. Mzee alikuwa amelala ubavu, amefunikwa lile koti katika joto lile, ubao umeegemezwa ukutani mbele yake, mtupu. Kinywa kilikuwa wazi kidogo na hakikuwa na neno. Lakini macho yalikuwa hai. Yalikuwa sakafuni, pale mwanga wa mlangoni ulipoangukia, kwenye miguu ya mtu aliyeingia.

Aliitazama miguu ile kwa muda mrefu. Binti hakujongea, alisimama kama alivyosimama siku ile ya kwanza kizingitini. Ndipo mzee akafanya jambo ambalo katika wasomaji wake wote sikuwahi kumwona akimfanyia mtu. Macho yaliondoka miguuni, yakapanda taratibu, kwenye khanga, kwenye kikapu, kwenye mikono, na akamtazama mwanawe usoni.